Wamenusa kwa Pua Gani?

SWALI: Maalim, asalaam aleikum. Redioni wamesema hewa ya Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, ina gesi ya sumu inayotengenezewa plastiki, na hakuna aliyekwenda kuichota. Mimi mchuma karafuu, karafuu nzuri naijua kwa harufu. Wao wamenusa kwa pua gani? Na ndiyo kusema kuna viumbe?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Hawakunusa, walisikiliza. Gesi hiyo ni vinili sianidi: kaboni tatu, haidrojeni tatu, naitrojeni moja. Molekuli ya gesi haitulii, huzunguka, na kila aina hutoa mawimbi ya redio kwa masafa yake, yale yale iwe Wete au kwa Zohali. Masafa hayo hupimwa kwanza maabara, kisha hutafutwa angani. Wimbi moja halitoshi, maana huenda ni la gesi nyengine. Sharti yajitokeze kadhaa ya molekuli ile ile. Hapo ndipo na mimi nikaamini.

Sikio lenyewe ni ALMA, darubini ya redio yenye madishi 66 katika jangwa la Atacama, Chile, mita 5,000 juu ya bahari. Wamepanda huko kwa sababu mvuke wa maji huyameza mawimbi haya. Usitamani tujengewe hapa visiwani, ambako masika hata chumvi inalowa koponi! Vipimo ni vya 2014, matokeo yakatangazwa 2017: katika molekuli bilioni moja za hewa ile, za vinili sianidi hata tatu hazitimii.

Viumbe? Hapana, si lazima. Hewa ya Titan karibu yote ni naitrojeni, na methane kidogo. Mwanga wa jua na chembe zenye umeme kutoka Zohali huzivunja huko juu, vipande vikashikana upya kuwa vinili sianidi na nyenginezo, hata mwezi mzima ukafunikwa na utusitusi wa rangi ya chungwa. Kilichowashtua watu ni hesabu za kompyuta: molekuli za vinili sianidi zikiwa ndani ya ziwa la methane iliyo kimiminika huko Titan, kwenye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri, huenda zikajikunja kuwa vifuko mfano wa ngozi ya seli za viumbe. Ni kompyuta tu. Ziwani hakuna aliyeviona.

Marekani imepanga kurusha chombo Dragonfly mwaka 2028, kifike Titan 2034, kikachimbe na kupima. Lakini kitatua kwenye matuta ya mchanga karibu na ikweta, na maziwa mengi ya methane yako ncha ya kaskazini.