Gari ya manyuo (ya kubadilisha gia mwenyewe) inarukaruka? Angalia mguu wa kushoto kwanza

Mimi gari nimejifunzia kwenye pikapu ya mjomba, dizeli ya zamani, tunabeba nyanya Ilula, Iringa, tunashuka nazo mlima Kitonga. Mjomba mikono yangu hata haiangalii, macho yake yako nyuma kwenye matenga. Ukibadilisha gia vibaya gari inawatupa mbele alafu inawarudisha, na nyanya za chini zinapasuka, mkifika mnakuta maji mekundu yanachuruzika kwenye bodi na hiyo ni hela ya mtu imemwagika.

Sasa wengi wanahangaika na mkono. Mkono hauna shida jamani, kazi ipo kwenye klachi, ile pedali ya mguu wa kushoto. Kukanyaga kanyaga fasta mpaka chini kabisa, ila kuachia ndo kwenyewe: achia mpaka pale inapoanza kushika, utasikia sauti ya injini inashuka kidogo na gari inajivuta, hapo tulia kidogo tu alafu malizia. Wanaoirusha gari karibu wote wanaruka hapo pa kutulia.

Na gia usiisukume kwa hasira. Ndani ya giaboksi kuna ringi zinazosawazisha mzunguko kabla meno hayajakutana, zipe nafasi, ukipita frii vuta pumzi kidogo ndo uingize. Ukilazimisha kila siku zinaisha, alafu unaanza kusikia krrrr kila ukiweka namba mbili.

Kupangua gia ndo kugumu zaidi na hapa madereva wengi hawafundishwi. Chukulia uko namba 4 mshale wa mzunguko wa injini upo 2,000 kwa dakika, ukirudi namba 3 kwa spidi ileile injini inatakiwa izunguke kama 2,700 hivi. Ukiachia klachi injini ikiwa bado chini, matairi ndo yanailazimisha kupanda na hapo ndo mnapigishana vichwa na dashbodi. Kwahiyo klachi ikiwa chini gusa mafuta kidogo, sauti ipande, ndo uachie. Ukizoea abiria hatajua kama umebadilisha.

Kwenye mteremko kama Kitonga panga gia kabla hujaanza kushuka, sio katikati. Gia ambayo ingekupandisha ndo ikushushe. Na naomba sana usishuke umekanyaga klachi, ni sawasawa na kuwa frii, uzito wote unabaki kwenye breki, breki zikipata moto zinakataa na kule kona ni kali, malori yanapanda taratibu mbele yako. Hili mjomba alikuwa halitanii kabisa.

Alafu ukishaweka gia toa mguu juu ya klachi, uweke pembeni, maana kuupumzisha pale kunakula beringi na sahani ya klachi. Foleni ya mlimani tumia hendibreki, usiishikilie gari kwa klachi, ile harufu ya kuungua unayosikia ni klachi yako inaisha.

Saivi namfundisha mdogo wangu, namwekea chupa ya maji nusu kwenye dashbodi tunazunguka uwanjani asubuhi watu wakiwa hawajajaa. Wiki ya kwanza chupa ilikuwa inadondoka kila gia, jumapili iliyopita imedondoka mara mbili tu, zote namba moja kwenda mbili, bado anaiachia haraka.