Barua kwa mwanangu: genge la pili la maharamia wa nyota

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako pamoja na sura tatu za riwaya. Unasema Popo Weusi wamewapendeza wasomaji, sasa unataka maharamia wengine wa kupambana nao, lakini kila ukijaribu wanatoka Popo wale wale waliobadilishwa nguo. Ni kweli. Hao Simba Wekundu wa sura ya tatu wana nahodha mwenye jicho moja, meli yenye pembe na ukatili wa ziada, lakini nikifuta jina lao nikaandika Popo Weusi, hakuna sentensi inayoharibika. Jipime hivyo kila mara: badilisha majina katika tukio zima, usome tena. Tukio likisimama, bado huna genge la pili.

Umeanzia kwenye mavazi, na mavazi ni kitu cha mwisho. Anza na wanachokula. Popo wanavizia meli ya biashara, wanaikamata, wanaikausha, kisha wanamuuzia shehena tajiri fulani asiyeuliza maswali. Wapinzani wao wale kutoka kwenye meli zile zile, ila kwa namna ambayo wakishiba wao Popo wanalala njaa, na Popo wakishiba wao wanalala njaa. Ukilipata hilo, ugomvi utajiendesha wenyewe.

Namna za kula ni chache. Kuna kupora shehena, ambako hakufai kitu bila mnunuzi. Kuna kuteka meli na watu kwa ajili ya kikomboo, kazi ya subira na gharama. Meli ya MV Faina ilitekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikielekea Mombasa, na ndani mlikuwa na vifaru 33 vya T-72. Vifaru vile wasingeweza kumuuzia mtu sokoni, kwa hiyo walikaa na meli hadi Februari 2009 ndipo wakalipwa. Miezi yote hiyo mateka wanakula, walinzi wanakula, na madeni ya vijijini yanapanda. Kuna uharamia wa hati ya mfalme, anayekuruhusu kupora meli za adui zake, nao unakufa siku vita vikiisha. Na kuna kuuza usalama, ambao ndio ningekushauri.

Mfano mzuri uko pwani ya Guangdong, kusini mwa China. Baada ya mumewe kufa mwaka 1807, Zheng Yi Sao aliongoza shirikisho la makundi ya maharamia yaliyojulikana kwa rangi za bendera. Waliteka meli, lakini pia waliuza hati: mwenye meli ya chumvi au mvuvi akilipa, anapewa karatasi, na kundi lolote la shirikisho likikutana naye lilitakiwa limwache apite. Karatasi hiyo ina thamani kwa sababu moja tu, kwamba kila haramia anaiheshimu. Sasa weka Popo Weusi katikati ya biashara hiyo. Kila meli yenye hati wanayoipora inamfanya muuza hati aonekane mwongo. Na kila meli inayonunua hati inapata walinzi, hivyo windo la Popo linapungua. Hakuna haja ya kisasi cha baba aliyeuawa. (Kile kisasi cha sura ya pili, kwa maoni yangu, kitoe.)

Basi tuwaunde wapinzani hao. Wao wanajiita Walinzi wa Milango, maana wanalinda milango ya njia za meli. Mabaharia wanaowalipa wanawaita Kupe. Genge lipewe majina mawili, la kujipa na la kupewa, na mhusika asikosee lipi analitumia mbele ya nani.

Sasa hesabu, na hapa usiwe mvivu, maana magenge mengi ya kubuni huanguka hapa. Umeandika kwamba msimu mmoja wa upepo wa nyota una siku 180 na kwamba meli 120 za biashara hupita Milango mitatu. Mtu mmoja mpe kilo 2 za chakula kwa siku. Maji nayaacha kwa kuwa wanayayeyusha kutoka barafu ya vimondo. Kwa msimu ni kilo 360 kwa kila mtu. Popo wako ni meli 3 zenye watu 80 kila moja, yaani 240, kwa hiyo wanahitaji tani 86 na kilo 400. Tuseme shehena ya meli moja, ikishauzwa kwa bei ya wizi, inanunua tani 18. Lazima wakamate meli 5 kila msimu. Nne hazitoshi.

Kupe wanatoza kila meli thamani ya tani 2. Kwa meli 120 ni tani 240, zinazolisha watu 660 na kubakiza tani mbili na ushee tu. Watu 660 ni meli 11 ndogo zenye watu 60 kila moja. Tayari magenge mawili yana maumbo tofauti bila wewe kuchagua rangi: moja lina meli chache kubwa zenye mbio, lingine lina nyingi ndogo za doria. Na ona hasara inavyosambaa. Popo wakipora meli 5 zenye hati, wafanyabiashara 20 wakakataa kulipa msimu unaofuata, Kupe wamekosa tani 40. Hao ni watu 111 wasio na chakula. Nahodha wa Kupe hahitaji kuwa katili ili aamue kuua. Anahitaji kusoma daftari.

Swali ambalo msomaji makini atakuuliza: kama Kupe wana watu 660 na Popo 240, kwa nini hawajawamaliza? Fahali wawili wako zizi moja, na ni kazi ya mwandishi kueleza kwa nini zizi bado limesimama. Gawa zile meli 11. Kila Mlango unahitaji 3, hizo ni 9. Zinabaki 2 za kuzunguka. Meli tatu mlangoni ni watu 180, na Popo wakija wote wanawazidi. Kupe wakikusanyika wote wanawashinda Popo, lakini Milango imebaki wazi na hati zimekuwa karatasi tupu. Kila upande unaweza kushinda pigano na kushindwa msimu. Andika sentensi hiyo juu ya meza yako kabla hujapanga vita yoyote.

Hilo litafanya kazi kama habari hazisafiri haraka kuliko meli. Hapa umejichanganya: sura ya kwanza barua inachukua wiki tatu, sura ya tatu nahodha anazungumza na mji mkuu papo hapo. Chagua moja. Mwanga wa Jua hutumia dakika 8 na sekunde 20 kufika duniani, na Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, iko umbali wa zaidi ya miaka 4 ya nuru; ukifuata nuru ya kweli, hakuna atakayepata habari za mwenzake. Barua ipande upepo wa nyota kama shehena. Mlango ukivamiwa, Mlango wa pili usijue mpaka chombo kifike, na katika pengo hilo ndimo utakamoweka tamthilia yako yote.

Upepo nao uwe na ratiba. Mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa kaskazi na kusi: biashara yote ya Bahari ya Hindi ilifuata pepo hizo, na maharamia walizijua vilevile. Haramia Mwingereza Henry Every na wenzake mwaka 1695 walikwenda kungoja karibu na Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, kwa sababu meli za mahujaji na wafanyabiashara wa India zilijulikana zitatoka Bahari ya Shamu majira gani. Hawakuzurura baharini wakitegemea bahati. Kwako, wiki mbili za kwanza za upepo ziwe za msongamano, mwisho wa msimu uwe wa meli zilizochelewa, zisizo na wenza. Popo wawinde mwishoni. Kupe watoze mwanzoni. Kwa hiyo kila msimu unaanza kwa ushuru na kuishia kwa damu, na msomaji ataanza kuhesabu siku mwenyewe.

Sheria za ndani zitakupa wahusika. Katika kanuni za chombo cha haramia Bartholomew Roberts, aliyeuawa karibu na Cape Lopez, Gabon, mwaka 1722, nahodha na msimamizi wa mgao walipata mafungu mawili kila mmoja, baharia wa kawaida fungu moja, na aliyepoteza kiungo alilipwa kutoka mfuko wa pamoja. Wape Popo utaratibu huo: kura, mafungu, na njaa ya pamoja windo likikosekana. Kwenye shirikisho la Guangdong nyara ziliandikishwa, waliokamata wakachukua sehemu mbili kati ya kumi, na zile nane zilizobaki zikaenda ghalani. Huo uwe wa Kupe: posho ndogo isiyokosekana, na daftari. Sasa kijana wa Popo mwenye mtoto mgonjwa ana sababu ya kutorokea kwa Kupe, na karani wa Kupe aliyechoka kuhesabu magunia ana sababu ya kwenda upande wa pili. Watoro ndio daraja lako. Wawili wanatosha.

Uchawi unaniogopesha kidogo kwa ulivyouandika. Hirizi ya hati inayong'aa bluu na isiyoweza kughushiwa inaua hadithi, kwa sababu hakuna wa kudanganya wala wa kudanganyika. Acha ighushiwe, kwa gharama. Ifungwe kwa meli ile ile iliyolipiwa, ife siku ya 180, na anayeihamishia meli nyingine alipe kitu mwilini mwake: sikio liache kusikia, au kumbukumbu ya mwaka mmoja ifutike. Popo wanaiba hirizi, wanaivalisha meli yao, wanapita Mlangoni wakisalimiwa kwa heshima. Usieleze inavyofanya kazi. Eleza inamgharimu nani, na inakataa lini.

Watu wa mbele wa Kupe wawe watatu, si zaidi: anayeandika hati, anayewaadhibu wanaozivunja, na asiyeziamini tena. Huyo wa tatu ndiye hatari. Guo Podai, kiongozi wa bendera nyeusi kule Guangdong, alikataa kumsaidia Zhang Bao wa bendera nyekundu alipozingirwa, wakapigana wao kwa wao, na Januari 1810 akajisalimisha kwa serikali. Miezi michache baadaye Zheng Yi Sao mwenyewe aliingia kwenye mazungumzo na kujisalimisha. Ufa ulianzia kwa mtu wa ndani aliyekaa tu bila kwenda.

Dola ya nyota uliyoiweka mbali iache huko huko kwa sasa, lakini iwekee silaha moja: msamaha. Mfalme wa Uingereza alipotoa msamaha, haramia Benjamin Hornigold aliupokea, kisha akageuka kuwinda maharamia wenzake chini ya Woodes Rogers, gavana aliyefika Nassau, Bahamas, mwaka 1718, na Charles Vane akaendelea na uharamia. Msamaha unagawanya genge kuliko mizinga. Uutoe mapema na utakuwa umeharibu; mahali pake ni baada ya msomaji kuwapenda watu wa pande zote mbili.

Jambo moja la adabu. Chukua mbinu za Wasomali, Wachina na Waingereza hawa, usichukue lafudhi zao. Haramia wa sayari ya mbali anayesema kama kichekesho cha mtu wa kabila fulani hamfai mtu yeyote.

Makosa mengine yanasameheka. Usimfanye Kupe mkatili zaidi ya Popo ili tujue nani mbaya. Usianzishe genge la tatu kabla ya sura ya kumi. Na usiwatambulishe kwa mzee anayesimulia historia yao kando ya moto, kama ulivyofanya na Simba.

Sura ya nne iandike upya hivi. Meli ya karafuu inafika Mlango wa kwanza siku ya tatu ya upepo. Mwanamke wa makamo anapanda na mizani na daftari, anasalimia, anakataa chai, anapima, anaandika, anafunga hirizi kwenye mlingoti, anaondoka. Hakuna panga. Siku ya 160 meli hiyo hiyo, ikirudi, inakutana na Popo, na nahodha anawaonyesha hirizi. Popo wanacheka. Mwishoni mwa sura yule mwanamke analetewa orodha ya meli ambazo hazikurudi, anafungua ukurasa wa siku ya tatu, na kuita meli mbili za akiba. Maneno 2,500 yanatosha, na lile pigano la pembe lisiwemo.

Nitumie ukishaiandika, pamoja na ile hesabu ya chakula. Nataka kuona umewapa Popo meli ngapi.

Mama yako