Kumpata daktari anayekusikiliza baada ya kuhama

Dada, umeeleza kwamba tangu uhame, daktari mpya anayachukulia maumivu yako ya mgongo kama ya kubuni kwa sababu picha za eksirei hazionyeshi kitu. Pole sana. Maumivu hayo ni ya kweli: orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inayatambua maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3 kuwa tatizo la kiafya linalostahili matibabu.

Mwombe daktari wako wa zamani barua yenye vipimo ulivyofanyiwa, dawa na dozi zake, pamoja na zile zilizoshindwa kukusaidia, kwa maana daktari asiyekujua huanza upya pale asipoona maandishi. Andika pia daftari. Sentensi kama "Jumanne nilishindwa kuinama kufunga kamba za viatu" humweleza mengi kuliko kusema tu kwamba unaumwa sana. Dawa, hasa za jamii ya afyuni (dawa kali za maumivu kama mofini na tramadol), usiziache ghafla hata zikikaribia kuisha. Daktari huyo akiendelea kukupuuza, tafuta mwingine bila kuona haya, ukianzia kwenye kliniki ya maumivu au kwa mtaalamu wa fiziotherapia.