Maswali na Majibu: Mazoezi ya Mbwa Mkubwa Kupindukia

*Great Dane wangu dume ana miezi saba na kilo 45. Mimi hukimbia kilomita tano kila alfajiri. Naweza kwenda naye?*

Bado. Ukimtazama unaona mbwa mzima, lakini huyo ni mtoto aliyevaa mwili wa baba yake. Mifupa ya miguu hurefukia kwenye ncha, penye gegedu laini ambalo hugeuka mfupa mgumu ukuaji unapokoma. Mbwa wa aina ndogo huwa amemaliza kazi hiyo kabla ya kutimiza mwaka. Great Dane, Mastiff na Saint Bernard huchukua kama miezi 18 hadi 24. Ukimkimbiza kwenye lami kwa mwendo uleule, kilomita baada ya kilomita, kishindo chote kinaishia hapo hapo palipo laini. Gegedu hilo likiumia, mguu unaweza kukua umepinda.

Ila usimfungie ndani kwa hofu. Watafiti wa Norway waliwafuatilia mbwa wa aina ya Newfoundland, Leonberger, Irish Wolfhound na Labrador tangu wakiwa wachanga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Waliozoea kupanda na kushuka ngazi kabla ya miezi mitatu walipata zaidi ugonjwa wa nyonga. Waliocheza nje bila kamba, kwenye ardhi laini, waliupata kwa uchache. Kwa hiyo mpe nyasi, mpe nafasi, aanze mwenyewe na akome mwenyewe. Ile hesabu ya dakika tano za kutembea kwa kila mwezi wa umri ni makadirio ya wafugaji tu. Si mbaya kama mwanzo, lakini mimi humtazama mbwa kuliko saa. Na asinenepe: kila kilo ya ziada anaibeba kwa viungo ambavyo havijakomaa.

Alfajiri kimbia peke yako.

*Wangu ana mwaka mmoja. Tukitembea dakika ishirini analala chini, hataki kuinuka. Ni uvivu?*

Huenda amechoka tu, na hapo mwache apumzike. Lakini kama jana alimaliza safari hiyo hiyo bila shida, au anakohoa, au fizi zimepauka, apimwe moyo. Great Dane na Irish Wolfhound wana ugonjwa wa kurithi wa misuli ya moyo kutanuka na kudhoofika, na dalili ya mwanzo mara nyingi ni hiyo hiyo tunayoiita uvivu.

*Nisubiri muda gani baada ya kumlisha ndipo nimtoe?*

Saa moja hadi mbili baada ya chakula, na akirudi kutoka mazoezini atulie kwanza, kutweta kukome, ndipo umlishe. Tunachokikwepa ni tumbo kujipinda. Tumbo hujaa hewa na kuvimba, kisha hujizungusha na kuziba njia ya kuingilia na ya kutokea. Damu inakosa pa kupita, moyo unaelemewa, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Wenye kifua kirefu kwenda chini na chembamba ndio walio hatarini zaidi, Great Dane akiwa mstari wa mbele kabisa.

Niseme ukweli: ushahidi dhidi ya mazoezi yenyewe si mzito kama ulio dhidi ya kula mlo mmoja mkubwa kwa siku, kula kwa pupa, umri mkubwa, na kuwa na mzazi au ndugu aliyepatwa. Kwa hiyo mwenye kusubiri saa mbili huku akimwagia bakuli zima mara moja kwa siku amelinda dirisha na kuacha mlango wazi. Gawa chakula mara mbili au tatu.

Jifunze dalili leo. Anajikakamua kutapika na hakitoki kitu, isipokuwa ute. Hatulii, anazunguka, anageukia ubavu wake. Tumbo limekaza kama ngoma. Ukiona kutapika kusikotoa kitu, usingoje lile tumbo livimbe wala usingoje asubuhi. Nenda kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Upo pia upasuaji wa kulishona tumbo kwenye ukuta wa ndani wa fumbatio ili lisiweze kujizungusha. Mara nyingi hufanywa pamoja na kufunga uzazi, na kwa Great Dane ningeufanya bila kusita.

*Saint Bernard na joto?*

Sufuria kubwa hupoa polepole kuliko kikombe. Mbwa hupoza mwili kwa kutweta, na huyu ana mwili mkubwa wenye manyoya mazito. Mtoe mapema kabla jua halijachomoza au limeshazama. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami. Usipoweza kuvumilia sekunde saba, naye asiikanyage. Akianza kuyumba huku anatweta kwa nguvu, mmwagie maji mwili mzima, apate upepo, kisha daktari.

*Mastiff wangu wa miaka saba anachechemea mguu wa mbele wiki ya tatu sasa. Naambiwa ameteguka, nimchue na kumtembeza taratibu.*

Usimtembeze, wala usimchue. Mpeleke apigwe eksirei. Saratani ya mifupa huwapata mbwa hawa wakubwa mno kuliko wadogo, na hupenda kukaa juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mbele au karibu na bega. Mfupa ulioliwa hivyo unaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye gari. Huenda si hiyo. Huenda ni kiwiko kilichochakaa. Lakini kwa mbwa wa ukubwa huo, wiki tatu ni nyingi mno kuendelea kubahatisha.

*Newfoundland wangu mzee viungo vinamuuma. Kuogelea kunafaa?*

Kunafaa sana, maji yanambebea uzito. Aingie na kutoka penye mteremko, asiruke, na mara ya kwanza dakika chache zinatosha. Ukiogelea naye usishangae akikushika mkono na kukuburuta nchi kavu: hata asiyefundishwa kuokoa watu wakati mwingine hujipa kazi hiyo, na hatakuuliza kama unazama.