Mwembamba, huli mafuta, ila LDL iko juu: majibu kutoka kwa mwenye nayo

Mkuu umeuliza inakuwaje wewe mwembamba, unakula dona na mchicha, mzee wako kaondoka kwa moyo na miaka 44, halafu kipimo chako kinasoma LDL, ile kolesteroli mbaya ya kwenye damu, 6.9, na jamaa hapo juu wanakujazia maji ya limao na kitunguu swaumu. Hebu ngoja kwanza. Mi ninayo hiyo hiyo, kolesteroli ya juu ya kurithi, na nimeifuatilia sana kwa sababu ndo mwili wangu.

Fanya hivi leo leo, kaa chini uminye ile kano ya nyuma ya kisigino kwa vidole viwili taratibu. Yangu ni nene, ina vinundu vigumu vinavyokwenda na kano ukikunja mguu, nesi mmoja alishaniambia ni viatu tu, kumbe ni kolesteroli imejijaza mle. Ukikuta vinundu hivyo, na LDL yenyewe ndo hiyo, chakula mwachie lawama kidogo tu.

Anayefagia LDL kwenye damu ni ini, kwa vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Hilo waligundua Brown na Goldstein wa Dallas kule Marekani, wakala Nobel 1985. Kipokezi ni kama kuli wa bandarini, anabeba mzigo anaingia godauni anatua anarudi kubeba mwingine. Sisi wa kurithi kwa kawaida karibu nusu ya makuli ni wabovu tangu tumboni. Sasa kuna protini inaitwa PCSK9, kazi yake kumfungia kuli humo ndani asirudi tena. Mwaka 2003 ikajulikana kwa familia za Ufaransa ambazo jeni hiyo ilikuwa kali kupita kiasi, LDL juu na mioyo inaharibika mapema.

Utamu uko hapa. Helen Hobbs na Jonathan Cohen, Dallas hukohuko, wakageuza swali: je waliozaliwa na jeni hiyo imekufa wakoje? Wakawakuta, wengi ni weusi wa Marekani, kama 2 kati ya kila weusi 100, na 2006 wakaonyesha kwamba weusi hao LDL yao iko chini kwa asilimia 28 na ugonjwa wa mishipa ya moyo umepungua kwa asilimia 88. Asilimia 88 aisee! Maana wameishi na LDL ndogo tangu kuzaliwa. Hata Zimbabwe alipatikana binti ambaye nakala zote mbili za jeni hiyo, ya baba na ya mama, zimekufa, LDL 0.4, na mzima wa afya. Kwa hiyo wanaosema haya mambo ya jeni hayatuhusu Waafrika, damu yetu ndo ilionyesha njia.

Kutokea hapo zikaja sindano za kuizuia PCSK9, evolokumabu ikapitishwa 2015, halafu inklisirani ambayo ukishaanza unachomwa mara mbili tu kwa mwaka. Bei yake usiulize, kwa mfuko wa kawaida hapa kwetu bado ni ndoto.

Ila usikate tamaa, na hilo swali lako la statini, vidonge vya kushusha kolesteroli, kuwa "biashara ya wazungu", ya kwanza kabisa aliitoa Mjapani, Akira Endo, 1973, kwenye ukungu wa kijani unaoota kwenye mchele, tena baada ya kupima maelfu ya aina za ukungu. Mi natumia atovastatini kila siku na ezetimibi, dawa ya kolesteroli ya aina nyingine, juu yake. Mwanzoni misuli ya mapaja iliuma, daktari akanibadilishia dozi ikatulia. Usijiongezee dozi mwenyewe ukidhani itashuka mara mbili, statini inaongeza makuli lakini hapo hapo ini linamwaga PCSK9 zaidi, ukidabo dozi unapata kama asilimia 6 tu ya ziada, ndo maana daktari huongeza dawa ya aina nyingine.

Wanao kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, wapimwe lipidi, yaani mafuta ya damu, kabla hawajafika miaka 10 hata kama wanacheza mpira kutwa, na ndugu zako wa tumbo moja nao waende. Dada zako wakianzishiwa statini wamwambie daktari kabla ya kupanga mimba. Haya kaminye kisigino uje utuambie.