Puto halizimi uvimbe

Wiki hii barua nyingi zinahusu Takayasu, ugonjwa unaovimbisha kuta za aota (mshipa mkuu wa damu) na matawi yake mpaka njia inabana.

*Binti yangu ana miaka 22, aota imebana tumboni. Mbona daktari hataki kuipanua sasa hivi?*

Mama, msikilize. Puto linaloingizwa ndani ya mshipa hupanua njia tu, ugonjwa wenyewe hutulizwa na dawa: prednisoloni, mara nyingi pamoja na methotrexeti au azathioprini. Mshipa ukipanuliwa ungali umevimba, hubana tena upesi. ESR na CRP (vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe) zikishuka, dalili zikatulia, ndipo mrija wenye puto hupitishwa kinenani. Hata hapo ukuta una makovu magumu na unaweza kuchanika. Muulize daktari urefu wa sehemu iliyobana, maana iliyo ndefu hurudi kubana kuliko fupi. Na kabla ya prednisoloni, binti apimwe kifua kikuu.

*Nimeshawekewa puto. Dawa niache?*

Hapana! Nimelijibu hili tena na tena. Prednisoloni haikatwi ghafla, hupunguzwa na daktari.

*Nina miaka 29. Mkono wa kulia presha ni 180, wa kushoto 110. Mashine imeharibika?*

Dada, pima tena kwa mashine nyingine, lakini usitulie. Huenda mshipa wa mkono wa kushoto umebana, na 110 inakudanganya. Mwaka 1908 Takayasu, daktari wa macho wa Japani, alieleza mishipa ya ajabu ndani ya jicho la msichana. Wenzake, Onishi na Kagoshima, wakasema wagonjwa wao wenye macho kama hayo hawakuwa na mapigo mkononi. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado kliniki zetu hupima mkono mmoja na kumwandikia msichana vidonge! Kijana mwenye presha apimwe mikono yote miwili na mguu. Presha ya mguu ikiwa chini sana kuliko ya mkono, aota ichunguzwe. Wala usijinunulie dawa za presha enalaprili au losartani dukani: mishipa ya figo zote mbili ikiwa imebana, zinaweza kuziangusha figo.

*Kitunguu saumu kinazibua aota?*

Hakizibui.

*Nina stenti (kijibomba cha kushikilia mshipa wazi) kwenye aota na natumia methotrexeti. Naweza kuzaa?*

Wengi wenye Takayasu huzaa salama, ila mimba ipangwe. Methotrexeti huharibu mimba na huachwa miezi kadhaa kabla. Nenda kwa daktari wako kwanza, usingoje siku zipite.