Kabla ya kununua bakteria wa paketi, pima pH

Mwaka wangu wa pili kwenye mtambo wa majitaka wa machinjio, amonia ilipanda wiki mbili mfululizo. Bosi akaniita. "Bakteria wako wamekufa," akasema, na kesho yake akaagiza unga wa bakteria. Tukaumwaga kwenye tangi, tukasubiri. Wapi! Amonia pale pale.

Kumbe walikuwa hai, wamegoma tu. Nilipochovya kipimo nikakuta pH 6.1, yaani maji yana tindikali (7 ndiyo katikati), na ikishuka chini ya 6.8 hivi, bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti huanza kuzembea. Tindikali hiyo wanaitengeneza wenyewe kazini: kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia hula gramu 7 na ushee za alkali, ile inayozima tindikali (ukihesabu kama kalsiamu kaboneti), na gramu 4.6 hivi za oksijeni. Majitaka yenye damu yana nitrojeni nyingi mno, kwa hiyo alkali huisha mapema. Nikaongeza magadi soda kidogo kidogo, asubuhi na jioni, hadi pH ikatulia kwenye 7.3. Kabla ya wiki kwisha amonia ikaanza kushuka.

Ila magadi ni gharama, na nusu ya alkali hiyo unaweza kurudishiwa bure. Zima hewa inayopulizwa tangini kwa zamu. Oksijeni ikikata, bakteria wengine huanza kupumua kwa naitreti, nitrojeni inapotea hewani kama gesi na alkali inarudi. Ingiza majitaka mabichi wakati huo huo hewa imezimwa, kwa sababu hao wanataka chakula chenye kaboni, na chakula ndicho hicho. Mimi nilikuwa nikiyaingiza huku hewa inapuliza, nachoma umeme kuunguza chakula walichokihitaji.

Utajuaje kama wanafanya kazi? Chota lita moja ya tope la tangini, ndimo bakteria wanamoishi, tia kwenye silinda ya kioo, iache. Nusu saa ya kwanza tope linatuama vizuri, maji juu yanang'aa. Endelea kungoja. Likipanda lote juu kama andazi kwenye mafuta, limejaa vipovu, hiyo ni gesi ya nitrojeni. Kwenye silinda inafurahisha. Kwenye tangi la kutuamishia ni balaa, tope linatoka na maji.

Damu ikusanywe kando kabla sakafu haijaoshwa. Hapo sina mjadala. Maji yenye klorini ya kuoshea mashine nayo yasiingie tangini kwa mkupuo. Na usitoe tope kwa pupa: wala-amonia huzaliana polepole sana, ukiwamwaga utangoja wiki kadhaa. Wakipotea kabisa, omba tope la mtambo jirani unaofanya kazi vizuri. Sisi tulipewa maboza mawili, tukalipa mafuta ya gari tu.

Ule unga, paketi tatu bado ziko stoo.